Ganeti ya Kijani na Gharama ya Kutoijua

Tangu kale na kale watu wamelijua jiwe la ganeti kwa wekundu wake. Masonara wa Misri ya kale walilitunga katika mikufu, Warumi walilichonga mihuri ya pete, na hata jina lake katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kilatini la tunda la komamanga, kwa kuwa punje zake nyekundu zilizobanana ndani ya mwamba zafanana sana na punje za tunda hilo lipasuliwapo. Hata seremala asiyejali mapambo amelitumia pasipo kulijua, kwani ganeti isiyofaa kwa vito husagwa ikawa unga wa kubandikwa katika msasa. Hivyo kwa karne nyingi kutaja ganeti kulikuwa ni kutaja wekundu, kama vile kutaja mkaa ni kutaja weusi.

Kwa sababu hiyo, ganeti ya kijani kikali ilipojitokeza katika ardhi ya Afrika ya Mashariki, wachache mno waliweza kuitambua. Aliyeiokota alifikiri mambo mawili tu. Ama ni zumaridi, kwa maana kijani cha namna hiyo kilijulikana kuwa ni cha zumaridi. Ama ni kigae cha chupa kilichotupwa na wapita njia. Baina ya mawazo hayo mawili hapakuwa na nafasi ya jiwe la tatu. Jiwe hilo la tatu leo huitwa tsavoraiti, na habari zake zastahili kusomwa nyumbani, penye meko na watoto, kwa kuwa hasara ya kutolijua iliingia kwanza katika nyumba za wachimbaji kabla ya kuingia katika daftari la serikali yoyote.

UKOO MMOJA, RANGI NYINGI

Wataalamu wa madini hueleza kwamba ganeti ni ukoo wa mawe. Jamaa wote wa ukoo huo wana umbile moja la ndani: chembe zao zimepangwa kwa utaratibu ule ule, na fuwele zao humea zikiwa na nyuso kumi na mbili au ishirini na nne, mfano wa mpira uliokatwa-katwa kwa kisu. Kinachowatofautisha ni viungo vilivyomo. Ganeti nyekundu ya kawaida imejengwa kwa chuma, alumini na silika, na chuma hicho ndicho kiipacho wekundu wake. Ganeti ya jamii iitwayo grosula haina haja ya chuma. Mahali pake pamekaa kalsiamu. Jina la grosula nalo limetokana na tunda dogo la kijani hafifu lipandwalo katika bustani za Ulaya.

Grosula iliyo safi kabisa haina rangi. Ni nyeupe kama maji ya kisima. Kijani kikali huja pale ambapo kiasi kidogo mno cha madini ya vanadi, na mara nyingine kromi, kimekaa mahali ambapo palipaswa kukaa alumini. Mama atiapo chumvi katika chungu haioni tena kwa macho, walakini ladha ya chungu kizima hubadilika. Ndivyo ifanyavyo vanadi ndani ya jiwe. Mwanga mweupe uingiapo, sehemu yake nyekundu na ya zambarau humezwa, na kile kijani huachiwa kipite kimfikie mtazamaji.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wakimwonya mtu asihukumu kwa sura. Katika habari ya ganeti onyo hilo lina pande mbili. Yupo aliyedanganywa na kigae chenye rangi nzuri akakinunua kwa bei ya kito. Na yupo aliyekitupa kito kwa sababu rangi yake haikuwa ile aliyofundishwa. Huyu wa pili hasemwi sana, lakini hasara yake ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza.

TOPE LA BAHARI YA KALE

Ili kufahamu kwa nini jiwe hili laonekana katika pande hizi za dunia na si kila mahali, hapana budi kurudi nyuma sana, kiasi cha miaka milioni 600. Zamani hizo palikuwako bahari mahali ambapo leo pana mbuga na vilima. Chini ya bahari hiyo yalitua matope yaliyochanganyika na mabaki ya viumbe vidogo, na ndani ya matope hayo vanadi ilijikusanya kidogo kidogo. Kisha mabara yakasogea yakagongana, bahari ikafungwa, na matope yale yakashindiliwa chini ya milima mikubwa. Joto na mkandamizo vikayapika. Chokaa ikageuka marumaru, na mabaki ya viumbe yakageuka kinywe, yaani kitu kile kile cheusi kiandikacho ndani ya kalamu za risasi za watoto wa shule. Katika kupikwa huko kalsiamu, alumini, silika na vanadi vikakutana, na ganeti ya kijani ikazaliwa.

Miamba hiyo imo katika kile ambacho wataalamu hukiita Mkanda wa Msumbiji, upitao Kenya na Tanzania kuelekea Msumbiji, pamoja na kisiwa cha Madagaska kilichokuwa kimeungana na bara zama hizo. Ndiyo maana mchimbaji wa tsavoraiti hutoka shimoni akiwa mweusi kama aliyejipaka masizi: kinywe ndicho jirani wa daima wa jiwe hili. Achimbapo akaona tabaka la kinywe likikaribiana na marumaru, moyo wake huanza kupiga.

Aghalabu jiwe hukutwa ndani ya vinundu vya mviringo ambavyo wachimbaji huvifananisha na viazi. Lakini kiazi kimoja kikipasuliwa, mara nyingi ndani yake mna vipande vilivyopasuka-pasuka tu, kwa kuwa mkandamizo ule ule ulioliumba jiwe ndio pia uliolivunja. Hivyo tsavoraiti iliyo kubwa na safi ni adimu. Vito vinavyopimwa kwa karati, na karati tano ni sawa na gramu moja. Jiwe la tsavoraiti lililokwisha kukatwa likizidi karati mbili huhesabiwa kuwa kubwa. Likizidi karati tano, huwa ni jambo la kusimuliwa. Pamoja na udogo huo, jiwe lenyewe ni angavu sana: hutawanya mwanga katika rangi zake kwa nguvu ipatayo mara mbili ya ile ya zumaridi. Tena, zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zake zisionekane, ilhali tsavoraiti kwa kawaida huuzwa jinsi ilivyotoka ardhini, ikiwa imekatwa na kusuguliwa tu.

JINA LILIVYOPATIKANA

Mtu ambaye jina lake limefungamana na jiwe hili ni Campbell Bridges, mjiolojia aliyezaliwa Uskoti. Mwaka 1961, alipokuwa kazini katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, nyati alimkimbiza akaingia katika korongo kujiokoa, na humo korongoni akaona mawe ya kijani yakimetameta. Hakuweza kuyafuatilia wakati huo. Miaka sita baadaye, mwaka 1967, aliyaona tena mawe ya namna ile kaskazini mwa Tanzania, katika nyika za Simanjiro karibu na kijiji cha Komolo. Safari hii aliyajua kuwa ni ganeti. Hata hivyo hakupata ruhusa ya kuyasafirisha nje ya nchi, na mwaka huo ndio ule ule wa Azimio la Arusha, ambapo Tanzania ilikuwa ikiamua upya nani amiliki mali ya nchi.

Bridges hakukata tamaa. Aliwaza kwamba miamba haijui mpaka uliochorwa na watu, na kwamba tabaka lile huenda likaendelea hadi ng'ambo ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliliona jiwe katika nyika za Taita, kusini-mashariki ya Kenya. Alipiga kambi yake juu ya mti ili aepukane na wanyama wakali, na inasimuliwa kwamba aliwahi kumtumia chatu kuwa mlinzi wa mawe yake, akijua kuwa wezi wengi huogopa nyoka kuliko wanavyoogopa bunduki.

Mpaka hapo jiwe lilikuwa na mgunduzi, lakini lilikuwa bado halina soko. Wataalamu wachache walilijua kwa jina refu la kitaalamu, nalo jina hilo halikuweza kumvuta mnunuzi wa pete. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ilianza kulinadi kwa jina jipya la tsavoraiti, kutokana na Tsavo, mbuga maarufu ya wanyama iliyo jirani na machimbo. Chembe za jiwe hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliyeko mbali aliweza kuliuliza kwa jina, na kitu kinachoulizwa kwa jina hupata bei.

Palikuwako na jiwe jingine ambalo jina lake lasimulia jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi. Katika bonde la mto Umba, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wanunuzi walikuwa wakitafuta ganeti ya rangi ya waridi yenye uzambarau. Katika kuchambua walikutana na ganeti za rangi ya waridi iliyochanganyika na machungwa, ambazo hazikuwa za aina yoyote waliyoijua. Wakazitenga kando kama takataka, wakazipa jina la malaya, kwa maana ya kitu kilichokataliwa na kwao. Baadaye wataalamu walipozipima, zikaonekana kuwa ni mchanganyiko wa peke yake katika ukoo wa ganeti, zikapata wapenzi na bei nzuri. Jina likabaki. Siku hizi wafanyabiashara wa ng'ambo hupenda kuandika malaia ili kulificha tusi, lakini mwenye kujua Kiswahili hulisikia palepale.

Hali kadhalika, kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba ganeti huwa na kila rangi isipokuwa buluu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Bekily kusini mwa Madagaska, zikachimbwa ganeti ambazo mchana huonekana za buluu iliyochanganyika na kijani, na usiku chini ya taa ya nyuzi hugeuka kuwa na wekundu wa zambarau. Vanadi ile ile iliyoipa tsavoraiti kijani chake imo katika hizi pia. Somo lililokuwa katika vitabu likafutwa na jiwe lililotoka shimoni.

DAMU NA MAJI

Ingekuwa vyema kama habari ya jiwe zuri ingekuwa na mambo mazuri matupu. Haikuwa hivyo. Mahali palipokuwa malisho, pakishapata jina katika maduka ya vito ya dunia, hugeuka kuwa mahali pa kugombewa. Tarehe 11 Agosti 2009 Campbell Bridges aliuawa na kundi la watu karibu na Voi, baada ya ugomvi wa muda mrefu juu ya haki ya kuchimba. Mtu aliyeliletea jiwe jina lake alikufa kwa ajili ya shimo linakotoka.

Huko Mirerani, katika wilaya ya Simanjiro, tsavoraiti huchimbwa katika miamba ile ile itoayo tanzanaiti. Wachimbaji wa huko, waitwao wanaapolo, hushuka kwa kamba na ngazi katika mashimo yenye kina cha mamia ya mita. Mwezi Machi 2008 mvua kubwa ilifurika ndani ya mashimo hayo na makumi ya wachimbaji wakafa maji humo. Wengi wao walikuwa vijana. Mama aliyempoteza mwanawe siku ile hakuambiwa na mtu yeyote kwamba pete inayovaliwa katika mji wa mbali ina sehemu yake ndani yake.

Mirerani hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jiwe lililotia fora. Kipande ghafi cha karati 283.74 kilikatwa mwaka 2017 kikawa kito cha karati 116.76, kikaitwa Simba wa Mirerani, na tangu mwaka 2023 kimo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, kwa kumbukumbu ya Bridges. Ni heshima kubwa kwa ardhi ya Simanjiro. Lakini mtoto wa Mirerani akitaka kumwona simba wa kwao, hana budi kuvuka bahari.

KATIKA NYUMBA YA MCHIMBAJI

Na ichukuliwe mfano nyumba moja katika vilima vya Taita. Haina jina, kwa kuwa ni nyumba nyingi kwa pamoja. Baba amechimba miezi minne bila mshahara, akilishwa na mwenye shimo kwa makubaliano kwamba kikipatikana kitu kitagawanywa. Jioni moja arudi na jiwe la kijani lenye ukubwa wa harage, fungu lake baada ya mgawo. Mama alitazama, alifunga katika pindo la kanga, na aendelea kuchochea moto. Usiku ule ule dalali abisha hodi. Amekuja na tochi yake, na mizani yake, na haraka yake.

Dalali alimulika jiwe, atikisa kichwa, asema lina nyufa, tena lafanana na chupa. Lakini kwa ajili ya ujirani atatoa fedha kidogo, ziko tayari mfukoni. Mama amvuta mumewe kando.

"Baba watoto, kama ni chupa, mbona amekuja kuifuata usiku?"

"Mama watoto, unga umekwisha. Na mwalimu amewarudisha watoto kwa ajili ya ada."

"Unga nitaazima kwa shemeji hadi Jumamosi. Jiwe likiondoka halirudi."

Katika maneno hayo machache imo biashara yote ya vito vya Afrika ya Mashariki. Anayepanga bei usiku ule si mnunuzi wa New York wala si dalali. Bei yapangwa na debe la unga lililo tupu. Dalali aijua njaa ya nyumba ile kuliko mwenye nyumba alijuavyo jiwe lake, na tofauti baina ya kujua huku na kutojua kule ndiyo faida yake.

Yapo mambo ambayo nyumba ile ingeweza kuyajua bila gharama. La kwanza ni kulitazama jiwe mchana, kivulini, juu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa tochi ya usiku huficha mengi na kuonyesha mengine yasiyokuwako. La pili ni kuligeuza-geuza. Kito cha kijani kiitwacho turmalini, ambacho huchimbwa pia katika sehemu hizi, kikigeuzwa upande mmoja na mwingine huonyesha kijani cha aina mbili, kimoja kizito na kingine hafifu. Ganeti haina sura mbili. Kijani chake ni kimoja kila upande. La tatu ni kutazama kwa kioo cha kukuzia. Chupa huwa na mapovu madogo ya hewa yaliyo mviringo, na kingo zake huchakaa upesi, kwa kuwa kioo ni laini kuliko ganeti. La nne ni uzito: tsavoraiti ni nzito kuliko zumaridi yenye ukubwa ule ule, kwa kiasi cha gramu nne kwa tatu. Dalili hizi hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu, lakini zamtosha kujua kwamba jiwe lake lastahili kupelekwa kwa mtaalamu. Jambo la kukatazwa kabisa ni kulipiga jiwe nyundo au kulikwaruza ili kulijaribu. Wapo waliokivunja kito katika kukitafutia ukweli.

Hesabu nayo ni ya darasa la shule ya msingi. Jiwe la gramu mbili ni karati kumi. Simba wa Mirerani, aliyekatwa na fundi hodari, alibakiza karibu sehemu mbili kwa tano za uzito wake ghafi. Jiwe la nyumba ile likibakiza kiasi hicho, litatoa kito cha karati nne, nacho kitakuwa miongoni mwa vile vikubwa. Mgala muue na haki mpe: dalali naye hununua pamoja na nyufa asizoziona, hulipa nauli, na huenda jiwe likapasukia mikononi mwa mkataji. Ana haki ya faida. Hana haki ya kuita kito chupa.

Serikali za nchi zote mbili zimejaribu kuweka njia iliyo wazi. Tangu mwaka 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini mikoani, ambamo jiwe hupimwa mbele ya mwuzaji na mnunuzi, na hati huandikwa. Kenya kwa sheria yake ya madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea vibali, na ikagawa mrabaha kwa mafungu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Njia zipo. Lakini soko lililo mbali na kijiji lahitaji nauli, na nauli yahitaji fedha, na fedha ndizo zilizokosekana usiku ule dalali alipobisha hodi.

Kwa hiyo elimu ya jiwe peke yake haitoshi. Mtu aweza kuyajua yote yaliyoelezwa hapa, na bado akauza kwa bei ya chupa kwa sababu watoto wanalia njaa. Kinachohitajika pamoja na elimu ni uwezo wa kungoja wiki mbili. Uwezo huo haupatikani siku jiwe lipatikanapo, hutayarishwa kabla. Kina mama wanaochangiana kidogo kila juma katika kikundi chao, pengine bila kufikiri habari za vito hata kidogo, ndio wanaotengeneza ngao ya mchimbaji. Nyumba yenye mkopo wa kikundi ina debe la unga ndani. Nyumba yenye debe la unga humwambia dalali wa usiku, "Karibu kesho mchana, uje na mwenzako mwingine ashindane nawe," na hapo ndipo ajua kwamba leo hakumkuta mjinga.

Tena mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ya mchimbaji yafaa iwe na daftari la shule la kurasa chache, na ndani yake yaandikwe kila jiwe: siku lilipopatikana, uzito wake, rangi yake, aliyelitaka na bei aliyosema. Ikiwa baba hakujaliwa kusoma, mtoto wa darasa la nne aweza kuandika. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litakuwa limemfundisha mwenye nyumba zaidi ya madalali kumi, kwani ataona kwa macho yake jinsi bei ilivyopanda kila alipongoja na jinsi ilivyoanguka kila alipoharakisha. Tena watoto watakua wakijua kwamba kazi ya baba yao ina hesabu, wala si bahati nasibu.

Ganeti nyekundu bado yapatikana kwa wingi, na bado ni nzuri. Hakuna ubaya katika kuifahamu iliyo maarufu. Ubaya ni kudhani kwamba iliyo maarufu ndiyo yote. Kwa miaka isiyo na idadi jiwe la kijani lilikaa ndani ya kinywe likiwa na kila kilicholifanya kuwa kito, na thamani yake haikuongezeka siku lilipopewa jina katika mji wa mbali. Iliyoongezeka ni idadi ya watu walioijua. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba miongoni mwa watu hao wamo pia wale wanaoshuka shimoni kulitafuta, na wale wanaowangojea nyumbani huku jungu likiwa mekoni.